Bonasi ya majani chai si ya kununua megapikseli

Kila mwaka bonasi ya majani chai ikishalipwa, hapa Kapsoit huzaliwa wapiga picha wapya. Utawajua tu pale njia panda ya kwenda Sondu: mkanda mpya wa kamera shingoni, bado umenyooka, na boksi limewekwa nyumbani juu ya kabati kama cheti cha KCSE. Mzee ametoa sehemu ya pesa za shamba, mama amemsemea kijana vizuri, na kufikia Desemba, koito na harusi zikipamba moto, jamaa tayari ana ukurasa wa Facebook na namba ya M-Pesa ya kupokea malipo ya kwanza.

Hapo sina neno. Kijana akitoka stage na kuanza kuuza picha, nani atalalamika? Ninacholalamikia ni kile kinachonunuliwa. Tukumbuke hizi ni pesa gani. Huku kwetu magharibi mwa Bonde la Ufa bonasi huwa chini kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, na kila msimu wakulima hulia. Ni pesa za mama aliyeamka majani yakiwa bado na umande, akachuma, akabeba gunia mgongoni mpaka banda la kupimia. Zikienda Nairobi na kurudi zikiwa kamera isiyoweza kazi iliyoahidiwa, hasara hiyo inakuwa ya nyumba nzima.

Na mara nyingi ndivyo inavyokuwa, kwa sababu pale dukani kuna swali moja tu: unataka megapikseli ngapi?

Wacha nikupe mfano. Canon EOS 2000D ilitoka 2018 na ina megapikseli 24.1. Canon EOS 5D Mark III ilitoka 2012 na ina 22.3. Kwa hesabu ya muuzaji, hiyo ya kwanza ndiyo kali, tena ni mpya, tena inakuja na lenzi na begi la bure. Lakini ya pili ndiyo imebeba harusi za nchi hii kwa miaka na mikaka. Ina pointi 61 za fokasi, 2000D ina 9. Ina nafasi mbili za kadi, 2000D ina moja. Ina mipira ya kuzuia vumbi na maji kwenye viungo vyake. Na sensa yake (sizungumzii ile ya kuhesabu watu) ina eneo la zaidi ya mara mbili na nusu ya sensa ya 2000D, kwa hivyo inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa picha ileile. Megapikseli? Picha ya ukubwa wa A3 iliyochapishwa vizuri kabisa inahitaji kama 17. Wateja wetu wanachapisha A4, wakijikaza sana wanaenda A3 ya kuning'iniza sebuleni, halafu zingine zote zinatumwa WhatsApp, ambako zinabanwa mpaka hata Mola hajui ulipiga na nini.

Kwangu mimi kamera ya kazi ni ile unayoweza kuiachia tukio ambalo halitarudiwa. Basi. Kila kitu kingine, jina la kampuni, rangi ya lenzi, uzito, vinakuja baadaye. Na kwa mtu wa Kapsoit, tukio ambalo halitarudiwa lina jina: koito.

Kama hujawahi kupiga koito, picha ni hii. Sebule ya nyumba ya kina msichana. Wazee wa pande mbili wameketi wamebanana, mapazia mazito yamefungwa, taa ni balbu moja ya manjano, na saa yoyote stima inaweza kupotea kwa sababu nje mawingu yameshajikusanya. Mazungumzo ya ng'ombe yakiisha, mambo yanaenda haraka: siagi inapakwa, sinendet inavishwa, mursik inamiminwa. Hakuna mzee atakayekusubiri. Huwezi kumwambia kogo, "Tafadhali rudia kupaka, picha imetoka na ukungu." Utatolewa nje.

Sasa ingia humo na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera dukani. Ukivuta mpaka milimita 50, lenzi hiyo haifungui zaidi ya f/5.6. Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8, ile ya plastiki ambayo watu huidharau, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Mara kumi! Hii hesabu sikufundishwa darasani; chuo niliacha mwaka wa pili, na habari za namba ya f nilizipata kwa bando za usiku. Maana yake ni kwamba pale ambapo mwenye f/1.8 anapiga kwa ISO 1600, wewe na f/5.6 yako, kwa kasi ileile ya shata, unatakiwa kupanda hadi zaidi ya ISO 15,000. Na 2000D hata ukiilazimisha inaishia 12,800, tena hapo picha inafanana na uji wa wimbi. Kwa hivyo kijana anafanya mojawapo ya mawili. Anapunguza kasi ya shata, na mkono wa kogo unatoka kama moshi. Au anafungua ile flashi ndogo ya juu ya kamera, na paji la uso la kila mzee linang'aa kama mabati mapya, huku vivuli vimesimama ukutani kama mashahidi.

Ndiyo maana nasema lenzi kwanza. Ukiwa na shilingi ya kuongeza, iongeze kwa lenzi.

Lakini kuna mtego, na wengi wameingia. Mtu ana kamera ya sensa ndogo, anasikia sifa za 50mm, ananunua, anaingia sebuleni na anajikuta amegandamana na ukuta wa nyuma akipiga nyuso mbili mbili. Kwa sensa ndogo ya Canon, 50mm huona kama 80mm. Hiyo ni tamu kwa picha ya bibi harusi peke yake bustanini. Kwa sebule iliyojaa wajomba ni kama kuchungulia kwa tundu la funguo. Mwenye sensa ndogo atafute kitu kipana zaidi: Nikon wana 35mm f/1.8 ya DX tangu 2009, Canon wana 24mm f/2.8 ndogo kama mandazi, na Sigma walitoa 18-35mm f/1.8 mwaka 2013, ambayo mpaka leo ni balaa. Mwenye sensa kubwa akishika 24-70mm f/2.8 amemaliza nusu ya maisha yake ya harusi, kwa sababu hiyo f/2.8 haibadiliki ukivuta, inabaki f/2.8 mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo tofauti kubwa ya lenzi ya kazi na lenzi ya kuanzia ilipo. Uzito wake nao haubadiliki, shauri yako na shingo yako.

Hali ya hewa sasa. Wanaotengeneza video za kusifu kamera kwenye YouTube wengi wako mahali ambapo mvua ni habari. Hapa kwetu karibu mita 2,000 juu ya bahari, mvua ya alasiri ni ratiba kama ya matatu, na Kericho inajulikana mpaka na wataalamu wa hali ya hewa kwa mvua ya mawe. Maharusi wanatoka kanisani saa nane, saa tisa wako katikati ya chai wakitaka picha, saa tisa na nusu mbingu zinafunguka. Bodi yenye mipira ya kuzuia maji inakupa dakika za kukimbilia tenti bila kufa. Lakini bodi peke yake haitoshi. Ukifunga lenzi ya kawaida isiyo na mpira pale shingoni, umefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi. Hata baadhi ya lenzi za Canon za daraja la L, kama 17-40mm f/4, kampuni yenyewe inasema zinahitaji filta mbele ndipo kinga ikamilike. Na ukishaingia kwenye tenti yenye watu mia tatu wanaopumua na sufuria za pilau, lenzi iliyotoka kwenye baridi inavaa ukungu papo hapo. Iache kwenye begi dakika chache izoee joto kabla ya kuitoa.

Hiyo ni mvua inayoonekana. Adui mbaya zaidi ni unyevu usioonekana. Kuvu. Nimefunguliwa makabati huku Kapsoit na Kericho mjini, nikaonyeshwa lenzi za pesa ndefu zenye nyuzi nyeupe ndani kama utando wa buibui. Kuvu akishakula ile rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, kusafisha hakurudishi kitu. Na begi la kamera lililolowa harusini Jumamosi, likafungwa na kusukumwa chini ya kitanda mpaka Jumamosi nyingine, ni shamba la kuvu. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, tia vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, vikaushe mara kwa mara. Ndoo hiyo ni sehemu ya kamera yako kama vile betri.

Chai yenyewe pia ina fitina zake. Jua likitoka baada ya mvua, yale majani mabichi yanarudisha mwanga wa kijani chini ya kidevu cha bibi harusi, na kwenye gauni jeupe unaonekana wazi. Simu itajaribu kurekebisha yenyewe na kuharibu rangi ya ngozi. Kamera inayopiga RAW inakupa nafasi ya kusahihisha nyumbani pole pole. Ila dawa ya bei rahisi ni kuwasimamisha maharusi kwenye barabara ya murram, chai ikiwa nyuma yao, badala ya kuwazamisha katikati ya mistari.

Nimetaja simu, basi tusikwepe. Kuna wasee wanasema iPhone imemaliza biashara ya kamera. Mchana, nje, kwa picha ya Instagram, sibishani. Mimi mwenyewe napiga na simu kila siku. Lakini sensa ya simu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na usiku inaunganisha picha kadhaa za haraka kuwa moja. Kitu kilichotulia kinatoka safi. Akina mama wakianza kucheza, ule muunganiko unavurugika. Koito haina watu waliotulia.

Turudi kwa kadi, maana hapa ndipo naona watu wakifanyia mzaha kazi ya wenyewe. Kuna jamaa huku kwetu, sitamtaja, alipewa koito moja huko njia ya Sondu. Kamera ya nafasi moja, kadi moja kubwa siku nzima. Jioni kadi ikaandika ina hitilafu. Alijaribu programu zote za kufufua picha, akapata vipande vipande vya asubuhi, watu wakishuka kwenye magari. Kogo wa msichana ndiye aliyebariki siku hiyo, na miezi michache baadaye mama huyo alifariki. Familia ilimtafuta jamaa, si kwa ugomvi, walitaka tu picha moja ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Hakuwa nayo. Wakatumia iliyopigwa kwa simu na mjukuu, kogo ametazama pembeni, nusu ya uso imefichwa na chupa ya soda.

Pesa za malipo unaweza kurudisha. Hiyo picha utairudisha na nini?

Kwa hivyo nikiulizwa na mtu anayetaka kuchukua harusi kama kazi, nafasi mbili za kadi ni lazima. 5D Mark III inazo, Nikon D750 ya 2014 inazo, Sony A7 III ya 2018 inazo. Canon 6D, pamoja na sensa yake kubwa na bei inayovutia, haina. Kweli, 5D III ukiandikia kadi zote mbili kwa pamoja inapunguza mwendo, kwa sababu nafasi yake ya SD ni ya polepole. Vumilia. Najua pia nitakachojibiwa: 5D Mark II ya 2008 ilikuwa na nafasi moja na ikapiga maelfu ya harusi. Ilipiga, kwa sababu wenye pesa zao wakati huo hawakuwa na uchaguzi mwingi. Leo uchaguzi upo sokoni kwa mtumba. Na kama tayari una kamera ya nafasi moja, usiitupe; tumia kadi ndogo ndogo, badilisha kila sehemu ya sherehe ikiisha, iliyojaa iingie mfuko wa shati wenye kifungo. Angalau utapoteza saa moja badala ya siku nzima.

Kamera mpya zisizo na kioo ndani nazo zina raha yake. Ukienda Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu pale Kericho mjini, lile lililofunguliwa 2015 lenye matao marefu ya saruji na nafasi ya watu 1,500, utaelewa. Jengo limetulia, na kishindo cha shata ya DSLR wakati wa viapo kinasikika mpaka kwa kwaya. Kamera isiyo na kioo inaweza kupiga kimya kabisa, na inashika jicho la bwana harusi na kumfuata akitembea. Ila chunga: shata hiyo ya kimya chini ya baadhi ya taa za LED huleta mistari ya giza kwenye picha. Jaribu kabla ya misa, usigundue wakati wa pete. Na kama huruhusiwi kusogea karibu na altare, hapo 70-200mm f/2.8 inajilipia yenyewe.

Hiyo 70-200 usinunue. Kodisha. Mtu wa harusi mbili kwa mwezi hana sababu ya kufungia pesa zote hizo kwenye chuma kinacholala. Tunakodishana huku, Kericho, Kisumu, na Nairobi yako maduka ya kazi hiyo. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuangalia majirani zako wanatumia kampuni gani kabla ya kununua. Mtandaoni watu wanapigana Canon na Sony kama Gor na Ingwe. Mimi nauliza tu, Jumamosi saa mbili asubuhi lenzi yangu ikikataa, nani hapa karibu ana ya kunikopesha, na itaingia kwenye bodi yangu? Mlango wa lenzi za Canon EF ulianza 1987, na lenzi hizo zinafunga hata kwenye kamera mpya za Canon R kwa adapta. Nikon F ni ya tangu 1959. Bodi utabadilisha mara tatu maishani, lenzi nzuri utamwachia mtoto, kuvu akipenda.

Halafu kuna wale wa "kamera haipigi picha, ni jicho". Mara nyingi anayesema hivyo ana lenzi tatu kwenye begi. Jicho ni lazima, nakubali. Lakini jicho haliongezi mwanga kwenye sebule ya balbu moja, na halihifadhi nakala ya pili. Kumwambia kijana wa Kapsoit kwamba vifaa si kitu ni kumtuma shambani bila gunia.

Basi ukienda kununua bodi ya mtumba, nenda na kadi yako na laptopu. Uliza imebofywa mara ngapi. 5D III na D750 shata zao zimekadiriwa mibofyo 150,000, na kwa Nikon namba hiyo utaisoma kwenye faili ya picha yenyewe bila kumwamini mtu. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Chomeka kadi zote mbili. Washa tochi ya simu, ipitishe nyuma ya lenzi, uangalie ndani kwa mshazari: vumbi kidogo si neno, nyuzi nyeupe rudisha mezani, hata bei ikishushwa mbele ya macho yako. Fokasi ijaribu kwenye kona yenye giza ya duka, si pale mlangoni penye jua anapokusimamisha muuzaji. Betri nunua mbili za ziada, za kweli.

Na ukikutana na 24-70 f/2.8 isiyo na kuvu kwa bei ya binadamu, niandikie kabla hujawaambia wengine.